Jina la Mgiriki husomwa kuanzia mkiani

Ugiriki imewahi kuwa na waziri mkuu aitwaye Georgios Papandreou, kisha Andreas Papandreou, kisha Georgios Papandreou tena. Wa kwanza, aliyezaliwa 1888, ni baba wa wa pili. Wa pili ni baba wa huyu aliyeingia madarakani 2009. Anayetazama kwa mbali atadhani ukoo huu uliishiwa majina, kumbe ulikuwa unafuata desturi tu. Baba mzazi wa yule Georgios mzee alikuwa padri wa kijiji cha Kalentzi, kaskazini mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, na aliitwa Andreas Stavropoulos. Mapadri wa Kiorthodoksi wa vijijini wengi wana wake na watoto, na watu huwaita "papas". Padri Andreas akawa Papa-Andreas, mwanawe akajulikana kama "wa Papa-Andreas", yaani Papandreou, na Stavropoulos likaachwa njiani. Majina ya kwanza nayo yakaendelea kupokezana: Andreas, Georgios, Andreas, Georgios, kila mtoto akibeba jina la babu yake.

Orodha za majina zilizojaa mtandaoni hazikuelezi hayo. Zitakwambia Georgios ni mkulima, Petros ni mwamba, Nikolaos ni ushindi wa watu, Alexandros ni mlinzi wa wanaume, Irini ni amani. Yote ni kweli, na kwa mtu anayetaka kuwafahamu Wagiriki yana faida ndogo sana. Hakuna aliyemwita waziri mkuu Georgios kwa kutamani ashike jembe. Swali la kuuliza ni hili: jina hilo lilikuwa la nani kabla yake? Ukilishikilia swali hilo, vurugu ya majina ya Kigiriki huanza kufunguka, ya kwanza na ya ukoo pia.

Kanuni ya kawaida ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wakikuyu wa Kenya watakuwa wanatikisa kichwa kukubali, maana kwao mpango ni huohuo. Kwa mabinti, desturi hutofautiana kwa mahali. Sehemu nyingi za bara hutangulia bibi mzaa baba. Katika baadhi ya visiwa vya Aegean hutangulia bibi mzaa mama, na huko jina huja na mali. Kisiwani Karpathos binti wa kwanza alichukua jina la nyanya yake mzaa mama, na urithi wa upande wa mama yake, nyumba na mashamba, ukaenda naye. Wadogo zake waliambulia kidogo sana. Kwa hiyo katika nyumba ya namna hiyo kugombania jina la mtoto ni kugombania nyumba.

Matokeo ya kanuni hii ni vichekesho kwa makarani. Mzee Giorgos Papadopoulos akizaa wavulana wanne, na kila mmoja akamwita mwanawe wa kwanza kwa jina la mzee, mtaa mmoja unapata akina Giorgos Papadopoulos wanne, wote binamu. Ndiyo maana fomu za serikali ya Ugiriki, tangu kitambulisho hadi karatasi za benki, huuliza jina la baba kama sehemu ya kawaida ya kumtambua mtu. Bila hilo hujui ni Giorgos yupi anayedaiwa kodi.

Watu wenyewe hujitafutia njia nyingine, nayo ni kukata. Georgios wa kwenye karatasi anaitwa Giorgos nyumbani. Ioannis ni Giannis, Konstantinos ni Kostas au Dinos, Evangelos ni Vangelis, Emmanouil ni Manolis au Manos, Athanasios ni Thanasis au Nasos, Aikaterini ni Katerina au Kaiti. Dimitrios anaweza kuwa Dimitris, Mitsos au Mimis, na ukoo hugawana vifupisho hivyo ili kila binamu awe na wake. Wakati mwingine jina hupewa kwanza mkia wa kudekeza na kisha hukatwa kichwa: Panagiotis huwa Panagiotakis, halafu kinachobaki ni Takis, ambacho hakina hata herufi moja ya mwanzo wa jina lenyewe.

Mtakatifu na siku yake

Mbali na babu, mwenye jina mwingine ni mtakatifu. Karibu kila jina la kawaida lina siku yake katika kalenda ya Kanisa, na kwa desturi siku hiyo ndiyo sikukuu ya mtu, kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Vasilis husherehekea Januari 1, Giannis Januari 7, Konstantinos na Eleni kwa pamoja Mei 21, Maria Agosti 15, Dimitris Oktoba 26, Katerina Novemba 25, Nikos Desemba 6. Kwa desturi hakuna mwaliko. Kila mtu anajua leo ni siku ya akina Nikos, kwa hiyo simu zinapigwa, wageni wanabisha hodi, na mwenye sikukuu ndiye anayetoa peremende na vinywaji. Salamu ni "chronia polla", miaka mingi. Giorgos ana mkasa wake: siku yake ni Aprili 23, lakini ikiangukia ndani ya Kwaresima husogezwa hadi Jumatatu ya Pasaka, maana sherehe ya watu wengi kiasi hicho haiendi na mfungo. Na yule ambaye jina lake halina mtakatifu hufanya yake siku ya Watakatifu Wote, Jumapili ya kwanza baada ya Pentekoste.

Kwa mtakatifu unaweza pia kukisia kisiwa. Ukikutana na Spyros wengi, uko Corfu au kwa watu wenye asili ya huko, kwa kuwa mwili wa Mtakatifu Spyridon umehifadhiwa kisiwani humo. Gerasimos ni wa Kefalonia. Dionysios ni wa Zakynthos.

Dionysios! Jina hilo linatokana na Dionysos, mungu wa kale wa mvinyo. Dimitrios naye ni "wa Demeter", mungu wa kike wa nafaka. Kanisa lililopambana na miungu hiyo liliyakubalije majina yake? Jibu ni kwamba Wakristo wa kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima wenye majina tayari, wakafia imani kwa majina hayohayo, na damu ikayatakasa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana nao. Katika Matendo 17 yumo Dionisio Mwareopago aliyemwamini Paulo. Katika Matendo 19 yumo Demetrio mfua fedha wa Efeso, aliyezusha fujo kwa sababu mahubiri yaliharibu biashara yake ya vihekalu vya Artemi. Baadaye jina la huyo mfua fedha likabebwa na shahidi wa Thesaloniki, na leo Demeter yumo katika kila darasa la shule ya Ugiriki bila mtu kumkumbuka.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo maana ya jina ndiyo iliyotafutwa hasa. Wazazi waliokuwa wakizika watoto wachanga walimwita anayefuata Polychronis, mwenye miaka mingi, au Zoi, uhai, au Stergios, jina walilolisikia kama ombi la kushika mizizi. Stylianos ni mtakatifu mlinzi wa watoto, na jina lake linalingana na neno la kusimika au kuegemeza. Stamatis na Stamata yametokana na kusimama, kukoma: vifo vikome. Lakini Stamata lilitumika vilevile katika nyumba iliyojaa mabinti, kumwambia Mungu kwa adabu kwamba wa kike sasa wametosha. Majina haya huvunja kanuni ya babu, na babu hakinuni, kwa kuwa kila mtu anaelewa.

Kabla ya watakatifu

Mgiriki wa kale alikuwa na jina moja tu. Sokrates aliitwa Sokrates, basi. Ilipohitajika kumpambanua na wengine waliongeza jina la baba katika umbo la umilikaji, na Athens wakaongeza mtaa au kijiji alikoandikishwa: Perikles wa Xanthippos, wa Cholargos. Kipengele hicho cha mwisho kilikuwa cha kisiasa. Kleisthenes alipoupanga upya mji wa Athens mnamo 508 kabla ya Kristo, kila raia aliandikishwa katika kitongoji chake, na mtu aliendelea kubeba jina la kitongoji cha mababu hata akihamia kwingine. Tunaviona vitu hivi kwa macho: vigae walivyoandika Waathene walipopiga kura ya kumfukuza mwanasiasa mjini vimechimbuliwa kwa maelfu, na juu yake majina yamekwaruzwa kwa mkono, Themistokles wa Neokles, na mengine mengi.

Majina yenyewe mara nyingi yaliunganishwa kwa vipande viwili, kama matofali. Hippos ni farasi, nike ni ushindi, demos ni umma, kleos ni sifa, doron ni zawadi, theos ni mungu. Theodoros ni zawadi ya Mungu. Ukigeuza vipande unapata Dorothea. Philippos ni mpenda farasi. Vipande vilifuata mitindo na tabaka, na hakuna aliyelichekea jambo hilo vizuri zaidi ya Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, katika tamthilia ya Mawingu iliyochezwa Athens mwaka 423 kabla ya Kristo. Mzee Strepsiades, mtu wa shamba, ameoa mwanamke wa ukoo wa kifahari. Mtoto anazaliwa. Mama anataka jina lenye farasi ndani, Xanthippos au Charippos, kwa kuwa kufuga farasi ni kazi ya matajiri. Baba anataka Pheidonides, jina la babu, ambalo ndani yake mna kubana matumizi. Wanagombana siku nyingi, kisha wanapatana: Pheidippides, kitu kama "mbana-matumizi wa farasi". Kijana anakua, anapenda mbio za farasi, na baba anazama katika madeni. Tazama kwamba hata katika kichekesho cha miaka zaidi ya 2,400 iliyopita, baba anadai haki ya babu.

Majina ya kale yalififia Ukristo uliposhika. Katika Bizanti, milki ya Kikristo iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, familia kubwa zilianza kuwa na majina ya ukoo ya kurithishana, Komnenos, Doukas, Palaiologos, na mfalme wa mwisho aliyekufa Konstantinopoli ilipoanguka 1453 alikuwa Konstantinos Palaiologos. Mwananchi wa kawaida chini ya Waosmani, watawala wa Kituruki, alibaki na jina la ubatizo na lakabu lolote ambalo kijiji kilimpachika.

Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, ikazuka homa. Wasomi waliokuwa wakiota taifa huru walianza kuwaita watoto Leonidas, Themistoklis, Aristidis, Periklis. Walimu waliwapa wanafunzi majina mapya darasani. Kanisa likashtuka. Mwaka 1819 Patriarki Gregorios wa Tano alitoa waraka wa kulaumu mtindo wa kuwapa watoto wanaobatizwa majina ya Wagiriki wa kale, akiuona kuwa ni kuudharau urithi wa Kikristo. Miaka miwili baadaye vita vya uhuru vililipuka, na Waosmani wakamnyonga patriarki huyohuyo mlangoni mwa makao yake siku ya Pasaka, ingawa alikuwa amewalaani waasi. Waraka wake haukuzuia kitu. Leo Aristotelis, Sokratis na Aphroditi hubatizwa kanisani, na kwa kuwa Aristotelis wa sasa ana mjukuu, jina lililoingia kwa siasa limegeuka kuwa jina la babu kama mengine yote.

Mkia unaosema babu alitoka wapi

Majina ya ukoo ndiyo yanayomchanganya mgeni zaidi, na ndiyo rahisi zaidi ukijua pa kutazama. Mwanzo wa jina hukwambia ni mwana wa nani: wa Theodoros, wa padri, wa mfua vyuma. Mwisho hukwambia, kwa kukisia, ni wa wapi.

Mkia wa -opoulos unanukia Peloponnese. Umetokana na neno la Kilatini pullus, kifaranga au kinda, kwa hiyo Papadopoulos, ambalo ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ugiriki, ni kinda la padri. Mkia wa -akis ni wa Krete: Theodorakis, Kazantzakis, Mitsotakis. Kisiwa cha Kefalonia kina -atos. Lesbos kuna -ellis. Rasi ya Mani, kule kusini kwenye minara ya mawe na visasi vya koo, ina -akos upande mmoja na -eas upande mwingine, na wenyeji watakuonyesha mpaka kati yake.

Kuhusu -akis kuna hadithi utakayosikia kila mahali: kwamba Waturuki waliwalazimisha Wakrete kubeba mkia wa udogo ili kuwadhalilisha. Siiamini. Kweli -aki ni mkia wa kudogosha, Giorgakis ni Giorgos mdogo, lakini kila Mgiriki hudogosha kwa mapenzi kutwa kucha, kuanzia mtoto hadi kikombe cha kahawa, na mwana wa Giorgos kuitwa Giorgos mdogo hakuhitaji amri ya pasha, gavana wa Kituruki. Wakrete wenyewe, watu wasiosifika kwa unyenyekevu, wanaubeba kwa majivuno. Kilicho kweli ni kwamba ulienea baadaye. Mchoraji mkubwa wa kisiwa hicho, aliyezaliwa 1541 wakati wa utawala wa Venice na ambaye Wahispania walimwita El Greco, alikuwa Domenikos Theotokopoulos: Mkrete kamili mwenye mkia ambao leo tungeupeleka Peloponnese. Basi mkia ni ushahidi wa kukisia, usiuapie mahakamani.

Mkia wa -idis na nduguye -iadis una safari ndefu kuliko yote. Homer, mshairi wa kale, alimwita shujaa wake Achilleus "Peleides", mwana wa Peleus, na Pheidonides yule wa Strepsiades ana mkia huohuo. Ulipendwa na Wagiriki wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, na wa Asia Ndogo, na vilevile na walimu wa karne ya 19 waliotaka kuyapa majina ya vijijini sura ya kale. Karibu nao kuna -oglou, ambao ni Kituruki kitupu: oğlu, mwana wa. Hapa ndipo historia inapouma. Mkataba uliotiwa saini Lausanne Januari 1923 uliamuru Waorthodoksi wa Uturuki wahamishiwe Ugiriki na Waislamu wa Ugiriki wahamishiwe Uturuki. Kipimo kilikuwa dini, lugha haikuulizwa. Zaidi ya watu milioni moja walifika Ugiriki, na miongoni mwao walikuwemo Wakaramanli, Wakristo wa ndani kabisa ya Anatolia ambao wengi wao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kituruki, wakikiandika kwa herufi za Kigiriki. Walishuka melini na majina ya -oglou, wakapokelewa na majirani waliowaita Waturuki. Wengi walikata mkia huo na kushona -idis au -opoulos. Wengine waliuacha, na wajukuu zao leo wanauonea fahari.

Wakazi wa Dar es Salaam wana jina la namna hii mjini kwao. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja umebeba jina la George Arnautoglu, Mgiriki aliyefanya biashara Tanganyika enzi ambazo Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge na kahawa huku. Limenyambulika hivi: Arnaut ni neno la Kituruki la kumtaja Mwalbania, oglu ni mwana. Mgiriki ambaye jina lake, kwa Kituruki, ni mwana wa Mwalbania. Ndiyo Milki ya Osmani hiyo.

Kipro kuna utaratibu wake. Huko jina la ukoo lilikuwa tu jina la baba katika umilikaji, Georgiou, Ioannou, Nikolaou, na lilibadilika kila kizazi mpaka zama za karibuni. Mwimbaji George Michael alizaliwa London akiitwa Georgios Kyriacos Panayiotou, baba yake akiwa Mkipro. Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, rais wa kwanza wa Kipro, alizaliwa Michail Christodoulou Mouskos, na Christodoulos ndilo lililokuwa jina la baba yake. Makarios ni jina alilopewa na Kanisa, kwani watawa huacha la zamani. Maana yake ni mwenye heri, neno lilelile la "Heri walio maskini wa roho". Mwaka 1971 alikwenda Kenya, akabatiza watu wengi, na seminari ya Waorthodoksi iliyopo Riruta, Nairobi, inaitwa kwa jina lake. Waorthodoksi wa Afrika Mashariki nao hubatizwa kwa majina haya, ndiyo maana unaweza kumkuta Athanasios au Irini katika vilima vya Ukikuyu na vijiji vya Uganda ambako hakuna Mgiriki hata mmoja.

Vichwa: papa, haji, na wendawazimu

Papa- tumeshaliona. Mavro- ni mweusi kwa Kigiriki na Kara- ni mweusi kwa Kituruki, kwa hiyo Mavrogiannis na Karagiannis ni mtu mmoja, Giannis mweusi, aliyepitia lugha mbili. Konto- ni mfupi. Deli- ni mwendawazimu kwa Kituruki, au shujaa asiyejali kufa, inategemea nani anasema. Theodoros Deligiannis alikuwa waziri mkuu mara kadhaa na hakuna aliyeona ajabu kwamba serikali inaongozwa na ukoo wa Giannis kichaa.

Hatzi- litamfurahisha Mswahili. Ni Haji, hilohilo. Chini ya Waosmani, Mkristo aliyesafiri hadi Yerusalemu na kuoga katika mto Yordani alirudi kijijini akiwa na heshima ya mtu aliyehiji, na majirani walimwita kwa neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu, Mwislamu na Mkristo. Watoto hawakukubali heshima hiyo izikwe na mzee, wakaigandisha kwenye jina la ukoo. Mtunzi wa muziki Manos Hatzidakis anatoka katika majina hayo. Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa shirika la ndege la easyJet, ana asili ya Kipro, na jina lake la ukoo ni "wa Haji Yohana".

Majina ya kazi hayana fumbo: Raptis fundi cherehani, Mylonas msagishaji, Psaras mvuvi, Samaras mtengeneza matandiko ya punda. Kazantzakis ameficha mfua masufuria makubwa wa Kituruki ndani ya mkia wa Krete. Nitapita haraka nifike kwenye lakabu, maana huko ndiko kijiji kilikuwa hakina huruma. Theodoros Kolokotronis, jemadari wa vita vya uhuru ambaye sanamu yake iko katikati ya Athens juu ya farasi, alisimulia mwenyewe asili ya jina lake. Ukoo wake ulikuwa na jina lingine, mpaka babu mmoja aliyekuwa na umbo la kukaza huko nyuma akapewa lakabu la Kialbania lenye maana ya matako ya jiwe. Lakabu likatafsiriwa kwa Kigiriki, likakaa, na leo limeandikwa kwenye vibao vya barabara nchi nzima.

Kaka Papadopoulos, dada Papadopoulou

Makarani wa nchi za nje huhisi udanganyifu hapa. Mtu na dada yake, baba mmoja mama mmoja, wana majina mawili tofauti kwenye pasipoti. Hakuna udanganyifu. Jina la ukoo la mwanamke kwa kawaida ni lile la mwanamume likiwa katika umilikaji: Papadopoulos hutoa Papadopoulou, Theodorakis hutoa Theodoraki, Stavridis hutoa Stavridou, Samaras hutoa Samara. Mwanamume ni Papadopoulos. Mwanamke ni wa Papadopoulos.

Wa yupi, baba au mume? Zamani binti alikuwa wa baba mpaka aolewe, kisha akawa wa mume. Vijijini hata jina la kwanza lilimezwa: mke wa Giorgos aliitwa Giorgaina. Laskarina, mwanamke wa kisiwa cha Spetses aliyeongoza meli zake vitani 1821, anajulikana duniani kama Bouboulina kwa sababu mume wake wa pili aliitwa Bouboulis. Sheria namba 1329 ya mwaka 1983 ilikata jambo hilo: mwanamke aliyeolewa anabaki kisheria na jina la kwao, na wazazi walitakiwa kukubaliana jina la watoto kabla ya ndoa. Chini ya sheria hiyo, waliposhindwa kutamka, watoto walichukua la baba. Umilikaji kwenye mkia wa jina, hata hivyo, sheria haikuugusa.

Nje ya Ugiriki sarufi hii hufa kwanza. Marekani wanawake wengi walijikuta na umbo la kiume la jina, na majina marefu yakakatwa na wenyewe ili yatoshe kwenye kibao cha duka. Maria Callas, mwimbaji mashuhuri wa opera, alizaliwa New York mwaka 1923. Jina la ukoo wa baba yake lilikuwa Kalogeropoulos, kinda la mtawa, likafupishwa kuwa Kalos na kisha Callas.

Na kuna jina lililosafiri kinyume. Mchezaji wa mpira wa kikapu Giannis Antetokounmpo alizaliwa Athens 1994 kwa wazazi kutoka Nigeria. Jina la ukoo ni la Kiyoruba, Adetokunbo, taji lililorudi kutoka ng'ambo. Lakini herufi ya Kigiriki inayolingana na D husomwa "dh", kama katika dhahabu, na ile inayolingana na B husomwa "v". Ili kupata d na b za kawaida Wagiriki huandika herufi mbilimbili, n na t, m na p. Alipopata uraia na pasipoti mwaka 2013, jina lilihamishwa kutoka herufi za Kigiriki kwenda za Kilatini moja baada ya nyingine, na d ikatoka nt, b ikatoka mp. Majina ya kwanza ya Giannis na ndugu zake Thanasis, Kostas na Alexandros yangeweza kuwa ya ukoo wowote wa Peloponnese. La ukoo halijapata mkia wowote. Halimalizikii kwa -s ya kudondoshwa, kwa hiyo sarufi ya Kigiriki hailigeuzi, na binti wa ukoo huo huandikwa Antetokounmpo sawasawa na baba yake.